Sukari ya huruma yaweza kuangamiza mizinga

Kuanzia Desemba hadi Februari bustani za Uingereza huwa tupu. Maua ni machache, na nyuki wa asali hujikusanya ndani ya mzinga mithili ya mpira, wakitetemesha misuli ili wapate joto. Ni nadra kutoka nje kabla joto halijafika nyuzi 10 hivi. Siku jua likijitokeza, mmoja hutoka, akaanguka kwenye nyasi. Mwenye bustani anamwona, anaingiwa na huruma, anakwenda jikoni na kurudi na sahani ya maji ya sukari, au asali ya dukani.

Nia ni njema. Mwaka 2018 ujumbe ulienea kwenye Facebook kwa jina la mtangazaji David Attenborough, ukiwahimiza watu kuwawekea nyuki waliochoka sukari na maji. Baadaye ikabainika kuwa ukurasa huo ulikuwa wa bandia, lakini ujumbe ulikuwa umekwisha kusambaa.

Cha kuogopwa zaidi ni asali. Asali ya dukani inaweza kubeba vimelea vya ugonjwa wa kuoza majana, ule uliopewa jina la Marekani. Binadamu akiila hapati madhara, na nyuki mkubwa naye haugui. Lakini akiipeleka mzingani wakalishwa majana wachanga, hufa na kuozea ndani ya masega, na vimelea huweza kukaa humo zaidi ya miaka 30. Nchini Uingereza mfugaji anatakiwa kisheria kutoa taarifa, na kundi lililoambukizwa huuawa na kuchomwa moto. Hasara hiyo haimfikii mwenye sahani. Inampata jirani anayeishi kwa kuuza asali. Afrika Kusini ilikuwa ikitaka asali inayotoka nje ipigwe mionzi kwa sababu hiyo hiyo, na bado ugonjwa uligunduliwa Western Cape mwaka 2009.

Maji ya sukari yana balaa yake. Sahani iliyoachwa wazi huwakutanisha nyuki wa mizinga mbalimbali, wazima na wagonjwa, pamoja na nyigu. Ikiisha, wenye nguvu huenda kupora mzinga dhaifu ulio karibu. Sukari ya kahawia ni mbaya zaidi: huwaharisha nyuki, nao wakati wa baridi hawawezi kutoka kwenda haja. Tena sukari si mlo kamili, maana haina chavua.

Wafugaji nao hulisha, ila kwa hesabu. Kundi moja huko huhitaji akiba ya kilo 20 hivi za asali kuvuka baridi. Likipungukiwa, mfugaji hulipa mapema, mnamo Septemba, maji mazito ya kilo 2 za sukari nyeupe kwa lita 1 ya maji, ndani ya mzinga, jioni nyuki wakiwa wametulia. Baridi ikishakaza huweka sukari iliyokandwa ikawa kama ugali, kwa kuwa maji maji yangewachosha nyuki kuyakausha.

Mfugaji wa Tabora au Kitui hana theluji, lakini ana miezi mikavu isiyo na maua, na wapo wanaotega beseni la maji ya sukari chini ya mti. Uporaji ni ule ule, na nyuki wa Afrika ni wakali kuliko wa Ulaya. Kisha kuna soko. Sukari hiyo ikiingia kwenye masega ya kuvunwa, maabara huitambua, kwa kuwa sukari ya miwa ina alama yake ya kikemia isiyofanana na ya maua mengi. Mnunuzi hataki kujua kama ilikuwa huruma au wizi, shehena inarudi.

Huko Uingereza mwenye bustani anaweza kupanda mahonia, inayochanua katikati ya baridi, na crocus inayofuata. Ivy inayotambaa ukutani asiikate kabla haijachanua, maana ndiyo lishe ya mwisho kabla ya baridi. Na yule nyuki mmoja kwenye nyasi? Tone moja la maji ya sukari nyeupe kwenye kijiko, mbele yake yeye peke yake. Akiruka, kijiko kinaoshwa na kurudishwa ndani.