Kilio cha Mkulima Si Ngazi ya Mwanasiasa



Atokaye uwanja wa ndege wa Unguja hupita Kiembe Samaki kabla ya kuufikia Mji Mkongwe. Wengi hupita bila kujua kwamba sehemu ya ardhi ile ilikuwa makonde, na kwamba wenyewe waliyapoteza ili ndege zipate pa kutua. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaamuru wanakijiji hao hao wachanje ng'ombe wao dhidi ya kimeta. Walikataa. Hawakukataa kwa ujinga. Walikataa kwa sababu hawakuwa tena na imani na serikali iliyojua kuchukua na kuamuru, isiyojua kusikiliza. Baadhi walikamatwa, wenzao wakajaribu kuwakomboa, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Tukio hilo linaitwa hadi leo Vita vya Ng'ombe.

Kutokana na kilio kile kilizaliwa chama. Wakulima wenyewe walikianzisha, wakajiita raia wa Sultani. Kufikia mwaka 1955 wasomi na wenye mali wa mjini walikuwa wamekwisha kuingia na kushika usukani, na ndicho kilichojulikana kama Hizbu. Katika uchaguzi wa Julai 1957 hakikupata hata kiti kimoja. Ndipo baadhi ya wenye mashamba waliokiunga mkono walipoanza kuwafukuza wakulima waliokuwa wakipanda muhogo chini ya mikarafuu yao, kwa kuwa waliwapigia kura Afro-Shirazi. Tazameni, ndugu: chama kilichozaliwa na mkulima aliyepoteza konde, kabla ya miaka kumi kutimia, kilikuwa na wafuasi wanaomnyang'anya mkulima konde lake!

Upande wa pili nao haukusalimika. Dhuluma ya ardhi ilijibiwa kwa kususia maduka, na kwa hotuba zilizomfundisha mkulima kwamba adui yake ni jirani wa asili nyingine. Juni 1961 watu 68 waliuawa katika siku chache, wengi wao mashamba ya Unguja. Januari 1964 damu ilimwagika zaidi.

Mapinduzi yaligawa eka tatu tatu, na hiyo ilikuwa haki iliyochelewa. Lakini karafuu ilibaki na mnunuzi mmoja, Serikali, naye ndiye aliyepanga bei. Katika miaka ya 1970 mkulima alipata sehemu ndogo tu ya fedha zilizolipwa na wanunuzi wa nje. Na bei ya dunia ilipoanguka katika miaka ya 1980, maumivu yalikuwa yake. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, malalamiko hayo yalipata jukwaa tena. Lakini swali la bei lilifunikwa tena na maneno ya Upemba na Uunguja, ya Uarabu na Ubara. Januari 2001 tulizika tena.

Wapo watakaosema: bila wanasiasa, nani angemsikia mkulima? Ni kweli, na hatuwalaumu kwa kusema. Tunawalaumu kwa kukichukua kilio cha njaa na kukirudisha kwa mkulima kikiwa chuki. Nao watawala waliosubiri mpaka hasira ipande jukwaani ndio waliompa mchochezi kuni zake. Bei si kudra. Mwaka 2011 Serikali ilipoamua kumlipa mkulima shilingi 15,000 kwa kilo ya karafuu, ilithibitisha kwamba jambo hilo liko mikononi mwa wanadamu.

Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji humlilia Mungu. Hakuuliza wavunaji hao ni wa kabila gani wala dini gani. Sisi tulio wachache visiwani humu tusijifiche nyuma ya uchache wetu, wala tusimwone mkulima Mwislamu kama mgeni katika sala zetu za haki.

Basi, viongozi wa walei, ajapo mtu wa chama chochote kuomba kura, muulizeni mambo matatu mbele ya watu: mkulima atapata sehemu gani ya bei ya mazao yake? Ardhi yake italindwaje isichukuliwe bila fidia ya haki? Hesabu za fedha za mazao zitasomwa wapi, na nani atazisoma? Akijibu kwa kutaja asili ya jirani yako, jueni kwamba hana jibu.