Maprofesa Wapewe Tuzo, na Mafundi Watajwe



Kila mara mwalimu wa sayansi wa Makerere anapotunukiwa heshima, sisi wa Kisenyi tunasikia redioni kama wananchi wengine, na tunafurahi. Kilima kile si mbali na mashine zetu za kusaga mahindi, na wengi wetu tunawaombea watoto wetu wafike kule. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba chama kinawaonea wivu wasomi. Tunalosema ni hili: heshima zenyewe zinagawanywa vibaya.

Makerere haikuanza na maprofesa. Ilifunguliwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikiwa na vijana 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Randa na nyundo zilitangulia majoho. Leo fundi akiitwa kwenye maabara kutengeneza mashine iliyokufa, huonekana kama mtu aliyepitia mlango wa nyuma.

Tazameni habari ya Daktari Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago na mwalimu katika shule ya udaktari ya Makerere. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya, kushoto na kulia, juu na chini. Wengine wangepita tu. Yeye hakupita. Mwaka 1958 aliandika juu ya uvimbe huo, kisha akatuma maswali na picha kwenye hospitali nyingi za Afrika. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walifunga safari ya motokaa, majuma 10 na maili kama 10,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali ugonjwa unaonekana wapi na wapi hauonekani. Hiyo ni kazi ya jasho na tunaiheshimu.

Vipande vya uvimbe vilipelekwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona kirusi ndani yake, na hicho ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Ugonjwa ukaitwa kwa jina la Burkitt. Kirusi kikaitwa kwa majina ya Epstein na Barr. Na Achong je? Huyo alikuwa mtu wa Trinidad, tena ndiye aliyekuwa akifanya kazi ya darubini ya elektroni, lakini jina lake liliachwa. Sasa ndugu, kama jina la daktari linaweza kudondoka njiani namna hii, jina la aliyefunga chupa zile Mulago na kuzikimbiza kwenye ndege litapona wapi?

Mwaka 1972 Burkitt alipewa tuzo ya Lasker huko Marekani, pamoja na madaktari wengine waliotibu saratani kwa dawa. Miongoni mwao walikuwamo Victor Anomah Ngu wa Kameruni, na John Ziegler aliyeongoza kituo cha saratani cha Mulago kilichofunguliwa mwaka 1967. Tunafurahi kwamba Mwafrika alikuwa katika orodha ile. Lakini wazee mnakumbuka mwaka 1972 ulikuwa mwaka gani hapa kwetu. Idi Amin alifukuza Wahindi, na madaktari wa kigeni nao wakaondoka. Burkitt mwenyewe alikuwa ameondoka tangu 1966. Kituo kikabaki mikononi mwa Daktari Charles Olweny, Mganda, pamoja na wauguzi na watumishi wa wodi. Wagonjwa hawakuondoka. Waliobaki waliwahudumia katika miaka ya uhaba na ya hofu, na medali ya kubaki haijatengenezwa.

Siku hizi kuna nafuu kidogo. Mwaka 2019 kikundi cha Makerere kinachopima uchafu wa hewa, AirQo, kinachoongozwa na Profesa Engineer Bainomugisha (Engineer ni jina lake, si cheo), kilichaguliwa na kampuni ya Google kuwa miongoni mwa vikundi 20 vya kupewa fedha, na waombaji wa dunia nzima walizidi 2,600. Sisi tunapenda heshima ya namna hiyo kuliko ngao ya ukutani, kwa sababu inaleta vifaa na kuajiri watu. Vipimo vyao vimeundwa hapa hapa Uganda, na vingine vilifungwa kwenye boda boda ili vipime mji wote. Basi mwendesha boda boda naye ameingia katika sayansi kwa magurudumu yake mwenyewe. Siku ya shangwe aitwe jukwaani. Na mpakiaji wa posho wa Kisenyi, anayerudi nyumbani usiku mweupe kama aliyepakwa chokaa, aletewe kipimo mlangoni pa mashine, aambiwe kwa lugha anayoielewa ni nini anachovuta kifuani.

Kuna na jambo la mshahara. Mwaka 2022 Serikali iliwainua watu wa sayansi. Mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye digrii alifikishwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, na walimu wa sanaa wakagoma mwezi Juni. Sisi tuliwaunga mkono waliogoma bila kuwachukia walioongezwa. Ila tuliulizana katika mkutano wa tawi: anayeosha chupa za maabara ni wa sayansi au ni wa sanaa? Hakuna aliyejibu. Mzee mmoja alisema huyo ni wa sabuni, watu wakacheka, lakini kicheko kile kilikuwa na uchungu.

Tunachotaka si kikubwa. Tuzo ikija, majina ya mafundi, wasafishaji, madereva na wauguzi walioifanya kazi ile yasomwe pamoja na jina la profesa, na yaandikwe katika kitabu cha idara. Fedha zikija, fungu lijulikane la kuwasomesha wale wa chini na kuwanunulia glavu na barakoa. Maprofesa wenyewe tunawaomba watusaidie katika hili, maana wanajua vizuri kuliko sisi nani aliwasha taa ya maabara kabla hawajafika asubuhi.

Barua iko kwa katibu wa tawi. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, wino upo.