Mzee Anayetetemeka Hana Jini



Ndugu zetu katika imani, kila aliyewahi kuvuka Petite Barrière hapa Gisenyi kwenda Goma anaujua msongamano wake: akina mama na mizigo kichwani, vijana mbio na bidhaa zao. Humo akitokea mzee anayeburuta miguu, mkono ukimtetemeka akitoa kitambulisho, hukosi kusikia: "Huyo ana jini." Mwingine: "Amerogwa." Na nyumbani wanawe wanamficha.

Sisi tunasema: basi! Hiyo ni dhuluma, tusiivike kanzu ya dini.

Ndugu yetu Muhammad Ali, aliyepigana Kinshasa mwaka 1974, aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson mwaka 1984, akiwa na miaka 42. Mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta huku mkono ukitetemeka, dunia nzima ikitazama. Je, naye alirogwa? Katika ugonjwa huu hufa chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, na mwili hukosa utulivu.

Mwaka 1987 Profesa Alim-Louis Benabid na wenzake huko Grenoble, Ufaransa, walionyesha kuwa waya mwembamba ukitiwa ndani ya ubongo na kupitishwa umeme kidogo, kutetemeka hupungua. Hauponyeshi ugonjwa, lakini mtu anaweza kushika tena kikombe chake.

Wanafunzi wetu wanauliza: na sisi lini? Jibu ni kwamba waya huo una mlango, nao ni kidonge cha levodopa. Kwa kawaida madaktari hutazama kwanza kama mgonjwa wa Parkinson anapata nafuu kwa dawa hiyo, ndipo wafikirie upasuaji. Aliyefichwa chumbani ataufikiaje mlango?

Tazameni wilaya ya Hai, Tanzania. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba penye wakazi zaidi ya 161,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa na daktari wanaumwa nini. Wetu je, nani amewahesabu?

Dua haigombani na daktari. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta tiba. Msomeeni mzee Qur'ani, kisha mshikeni mkono mumpeleke hospitali. Na anayemuuzia hirizi huku akimzuia asitibiwe, ajiandae kujibu mbele ya Allah (s.w.t.).

Wabillahi tawfiq.