MPANGAJI WA DODOMA HANA WA KUMTETEA

Wapo wanaouliza: karatasi ya Visiwani ina haja gani na vyumba vya Dodoma? Jawabu ni hili. Watoto wetu wasomao Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hulala humo. Makarani wetu wa Muungano waliohamia huko baada ya tangazo la mwaka 2016 hulala humo. Na ingawa nyumba za Bara si jambo la Muungano, Wabunge wetu huketi Dodoma na kuzipigia kura sheria zake.

Natuitazame hali yenyewe. Nyumba moja ya Chang'ombe au Ng'ong'ona ina vyumba sita au vinane, ua mmoja, choo kimoja na mita moja ya umeme. Chumba kimoja hukaliwa na watu wawili au watatu wachangiao kodi. Aliyetia saini ni mmoja, kama saini ipo. Hutakiwa fedha ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, kabla hawajatua mizigo yao. Ukifika mwezi wa tatu, yule mmoja akahama au akagombana na mwenye nyumba, wenziwe hukuta kufuli mpya mlangoni, na fedha yao imo mfukoni mwa mtu mwingine. Wakenda ofisi ya mtaa huulizwa: mkataba uko wapi? Hawana. Stakabadhi? Hawana. Basi huonekana kama wapita njia.

Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilipima viwanja vya Dodoma tangu mwaka 1973 hata ikavunjwa mwaka 2017. Haki ya asiye na kiwanja hakuna aliyeipima.

Wala haikuwa hivi daima. Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilimzuia mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila ya amri ya baraza. Mwaka 2005 Bunge likaifuta. Twaambiwa kwamba kodi ipangwayo na serikali humvunja moyo mjenzi. Huenda ikawa kweli. Mimi ni mwenye duka, nami sipendi kupangiwa bei na mtu asiyejua gharama ya mzigo. Lakini kuondoa bei ni jambo moja, na kumwondolea mtu kinga ya mlango wake ni jambo jingine. Wao waliyatupa yote mawili kwa pamoja, wakatuachia Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo mchangia chumba asiye na karatasi hana pa kuishika.

Tazameni tena LUKU. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo, iliyo deni la mwenye jengo, hukatwa umeme ununuliwapo. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Nani anunuaye umeme? Wapangaji! Wakaambiwa wamalizane na wenye nyumba. Wamalizane vipi, na anayedai leo aweza kuambiwa kesho atoke?

Aliyesoma mlango wa ijara ajua kwamba manufaa, ujira na muda sharti vijulikane, na muda haujesha hakuna wa kuuvunja peke yake. Nasi wa Visiwani si wageni wa jambo hili: mwaka 1928 watu wa Ng'ambo, wenye vibanda vyao juu ya ardhi ya wengine, walikataa kulipa kodi ya viwanja.

Twataka Wabunge wetu wapeleke hoja. Kila alipaye aandikwe jina na apewe stakabadhi. Asitakiwe zaidi ya kodi ya miezi miwili kwa mkupuo. Akiondoka mmoja, haki ya waliobaki isiondoke naye. Na afungaye kufuli bila ya amri ya baraza ashitakiwe. Bei waachiwe wenyewe wapatane.

Mwanachama ambaye mwanawe au nduguye amefungiwa mlango huko, alete tawini maelezo ya kiasi alicholipa na tarehe, yapate kupelekwa kwa Wabunge kabla ya kikao cha bajeti.