Shimo jeusi la Uhuru na kijana wa Isiolo

Ukitoka Isiolo mjini usiku kuelekea Garba Tulla, taa zikiisha tu, nyota zinakujaa juu ya kichwa. Ndiyo maana kila anayeongelea sayansi ya anga huku kaskazini huanzia hapo: tuna giza, tuliuzie watalii, tujengewe darubini. Sawa. Ila kuna msako mmoja mkubwa ambao giza letu haliusaidii hata kidogo, na Kenya ina mkono ndani yake.

Tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri Dei, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Ndiyo iliyoonyesha kuwa eksirei za Cygnus X-1 hubadilika-badilika kwa kasi ya ajabu, na wanasayansi wakaanza kuamini pale pana shimo jeusi.

Shimo hilohilo, lenye uzito wa kama majua 21, sasa linatumika kusaka maada ya giza, ile isiyoonekana lakini inayozuia galaksi zisitawanyike. Wazo ni hili: kama maada hiyo ni chembe nyepesi kupindukia, zinaweza kunyonya nguvu za shimo linalozunguka, zikaongezeka hadi kuwa wingu lililofungwa na mvutano wake, jinsi elektroni zinavyofungwa kwenye atomu. Wingu hilo lingetoa mawimbi ya mvutano yasiyokatika, kama mlio wa friji usiku.

Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya kuusaka mlio huo Cygnus X-1 kwa data ya LIGO ya Marekani. Kimya. Lakini kimya chenye faida: baadhi ya uzito unaodhaniwa wa chembe hizo ukawa mgumu kuutetea, mradi shimo lenyewe liwe na umri wa kutosha.

Sasa sikia. Data ya LIGO iko mtandaoni, bure. Python pia ni bure. Hakuna anayekuuliza kama una darubini. Mwaka 1970 tulitoa bahari na jina, data ikasomwa ng'ambo. Safari hii kinachomzuia kijana wa Merti ni kompyuta, bando na mwalimu wa fizikia, basi. Kwa hiyo wanasiasa wakija tena na hadithi ya jiji la kitalii la Isiolo, mimi ningewauliza kwanza kuhusu maabara ya kompyuta.