Kivumbasi mlangoni, chandarua kitandani



Kina mama kadhaa wametuuliza iwapo ni kweli kwamba mimea ya harufu ikipandwa kuzunguka nyumba, mbu hawaingii. Swali lao lina uzito, kwani tumesikia baadhi ya familia zimeondoa vyandarua vitandani na kuvitandaza juu ya vitalu vya kabichi, kwa hoja kwamba kivumbasi kilichopo uani kinatosha.

Elimu ya mbu si ngeni katika milima hii. Mwaka 1898 tabibu wa Kijerumani Robert Koch aliandika kuwa watu wa Usambara walimweleza kwamba washukapo bondeni hurudi na homa, na kwamba homa hiyo na mdudu anayeileta waliviita kwa jina moja: mbu. Wakati huo wataalamu wengi wa Ulaya walikuwa bado wakibishana juu ya jambo hilo.

Tuje kwenye mimea yenyewe. Kivumbasi ni ndugu wa mrehani, na rehani imetajwa katika Suratur-Rahmaan, aya ya 12. Kinachomchukiza mbu ni mafuta yaliyomo ndani ya majani. Mmea uliosimama kimya hutoa mafuta hayo kidogo tu. Ukiguswa, ukifikichwa au majani yake yakiwekwa juu ya makaa, hutoa mengi. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2002, watafiti huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, walipanga vyungu vya mimea hai ya jamii ya mrehani na mingineyo penye vibanda walimolala watu. Mbu walipungua kwa takriban theluthi moja hivi. Theluthi ni neema, lakini theluthi mbili waliobaki wanauma, na mbu mmoja mwenye vimelea anatosha kumlaza mtoto.

Huko Kagera ilipimwa lantana, ule mmea wa vichala vya maua ya njano na nyekundu uotao kandokando ya njia. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, nyumba zilizozungushiwa lantana zilikuwa na mbu wa ndani pungufu kwa karibu nusu. Hata hivyo, sisi hatuwashauri watu wa Mlalo kuupanda. Majani yake ni sumu kwa ng'ombe, nasi tunafuga ng'ombe zizini kwa majani ya kukatwa. Mtoto akikata mzigo bila kuangalia, hasara ni ya nyumba nzima. Tena mmea huo husambaa mno hata kuivamia misitu.

Basi pandeni kivumbasi, mrehani na mchaichai karibu na mlango na penye baraza, mahali ambapo nguo za wapitao zitaigusa. Wakati wake hasa ni baina ya Magharibi na Isha, familia inapokuwa imeketi nje na chandarua hakina kazi. Majani machache juu ya makaa barazani yanafaa. Ndani ya chumba cha mtoto mchanga, hapana, kwa kuwa moshi unadhuru kifua.

Usiku wa manane, mbu wa malaria anapouma zaidi, ni zamu ya chandarua. Na wanaokidharau kwa kuwa kina dawa ya kiwandani wakumbuke kwamba dawa iliyozoeleka vyandaruani ilitengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni safari za bondeni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulionesha kuwa maambukizi ya malaria hupungua zaidi ya mara elfu moja kutoka chini hadi juu ya milima hii ya Usambara. Baridi yetu imetuhifadhi, lakini kwa sababu hiyo hiyo miili yetu haina mazoea ya ugonjwa huo, na ukitupata hutuangusha vibaya. Familia zinazoshuka Mng'aro kulima mpunga hulala wiki kadhaa vibandani, pamoja na watoto. Huko hakuna uani wala chungu cha kivumbasi. Chandarua kifungwe pamoja na jembe na sufuria, na atakayerudi na homa apelekwe zahanati kupimwa siku hiyo hiyo, hata ikiwa imepita wiki mbili tangu apande mlima.

Kamati nayo ina wajibu wake: pipa la maji ya udhu lililo nyuma ya msikiti litafunikwa kabla ya Ijumaa ijayo.