Vijana wanaochunguza makovu yetu wasaidiwe

JUMA lililopita mama mmoja aliingia katika zahanati yangu akiwa amejitanda leso hadi masikioni, ingawa jua lilikuwa kali. Alipoifungua niliona sababu. Kwenye ndewe ya sikio la kushoto palikuwa na uvimbe mgumu, ukubwa wa ndimu. Alikuwa ametobolewa sikio akiwa msichana. Kovu likaota, akaenda likakatwa. Baada ya miezi minane likarudi likiwa kubwa maradufu. Sasa alitaka nilikate tena.

Nilikataa. Hilo ni kovu la aina ya keloidi, na kulikata bila tiba nyingine mara nyingi ni kulichokoza. Nilimweleza kuhusu sindano zinazodungwa ndani ya kovu lenyewe, ambazo huwasaidia wengi lakini si wote, kisha nikampa barua aende kwa mtaalamu wa ngozi. Alipokuwa akiondoka aliniuliza: "Daktari, mbona wengine wakitobolewa wanapona tu, na mimi mwili wangu haujui kuacha kujenga?"

Swali hilo halina jibu kamili hadi leo. Ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba mwili umejengwa kwa seli. Ni kweli, lakini si kweli yote. Fikiria nyumba ya udongo. Bila fito na kamba, udongo huo utaporomoka mvua ya kwanza. Katika mwili pia kuna fito na kamba zilizo nje ya seli, zinazotengenezwa na seli zenyewe. Kamba kuu huitwa kolajeni. Ndiyo inayoipa ngozi nguvu, inayoshika mifupa, gegedu na kano, na takriban thuluthi moja ya protini yote mwilini ni kolajeni. Ukijikata, seli hukimbilia kusuka kamba mpya. Zikiacha kwa wakati unaofaa, unapona. Zisipoacha, unabaki na keloidi.

Wanasayansi waliotufumbulia mambo haya, wengi wao walikuwa vijana. Mwaka 1954, G. N. Ramachandran, mwenye umri wa miaka 31, akiwa na mwenzake Gopinath Kartha katika Chuo Kikuu cha Madras nchini India, alieleza kwamba kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja. Walitumia kolajeni ya mkia wa kangaruu waliyoipata katika taasisi ya utafiti wa ngozi za wanyama mjini humo humo. India wakati huo haikuwa na hata miaka kumi tangu ijinyakulie uhuru.

Mwaka 1962, Jerome Gross na Charles Lapière, waliokuwa wakifanya kazi Marekani, waliuliza swali ambalo hata mtoto angeuliza: mtoto wa chura anapokua, mkia wake huenda wapi? Waligundua kwamba mwili hutengeneza kimeng'enya cha kuyeyusha kolajeni. Kwa maneno mengine, mwili unajua kubomoa kile ulichojenga. Tumaini la kuyeyusha makovu limesimama juu ya ugunduzi wa namna hiyo.

Najua wapo watakaosema: watoto wanakufa kwa malaria, wewe daktari unatuletea habari za makovu ya masikio. Ngoja kwanza. Kovu haliko kwenye ngozi peke yake. Mgonjwa wa kifua kikuu hutumia dawa miezi sita, viini vinakufa, tunamwambia amepona. Lakini wengine hurudi kwangu wakihema baada ya kupanda ngazi chache, kwa sababu mapafu yamejaa makovu. Kando ya Ziwa Victoria na katika mashamba ya mpunga ya Mwea kuna kichocho. Mayai ya minyoo hukwama kwenye ini, nao mwili huyazungushia kovu mwaka baada ya mwaka, hadi mtu anatapika damu. Dawa tuliyo nayo huua minyoo, ila kovu la zamani huweza kubaki. Jirani zetu wa Uganda wana maradhi yanayotanda kovu ndani ya moyo. Daktari J. N. P. Davies aliyaeleza mjini Kampala mwaka 1948, na mpaka sasa chanzo chake hakijabainika.

Kwa hivyo, mpenzi msomaji, sisi madaktari tuna silaha za kuua viini, lakini za kuondoa kovu ni haba mno. Hata dawa zinazotumiwa kwa makovu ya mapafu yasiyo na chanzo kinachojulikana hupunguza kasi tu, hazirudishi pafu lilivyokuwa. Tena ni ghali.

Ni nani atakayeziba pengo hili? Hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Keloidi haimpati panya wa maabara. Humpata binadamu, na huwapata watu weusi zaidi ya weupe. Mwenye kutaka kuichunguza lazima awe karibu na mgonjwa, na mgonjwa yuko hapa. Mtafiti wetu kijana ana kitu ambacho mwenzake wa Ulaya hana. Alichokosa ni msaada.

Miaka kadhaa iliyopita, binti mmoja aliyekuwa akisomea shahada ya uzamifu alikuja kuniomba nimwelekeze kwa wagonjwa wenye keloidi waliokuwa tayari kutoa vipande vya makovu yaliyokatwa. Alikuwa makini, na wagonjwa walimpenda kwa vile aliwaeleza kila kitu kwa lugha yao. Kemikali alizohitaji ziliagizwa kutoka ng'ambo. Zilipofika, barafu ilikuwa imekwisha kuyeyuka na kemikali zimeharibika. Ruzuku yake ilikuwa ya mwaka mmoja. Haikutosha kuagiza tena. Leo bado hunitembelea, lakini akiwa na mkoba wa kampuni ya dawa, akinishawishi niandikie wagonjwa vidonge vyake. Analipwa vizuri na simlaumu. Najiuliza tu, vile vipande vya makovu viko wapi?

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 ilisema asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa utafiti. Hatujawahi kufika hapo. Hata kabla ya kufika, yapo mambo yanayowezekana. Ruzuku za vijana ziwe za miaka mitatu au minne, maana kovu lenyewe huchukua zaidi ya mwaka kukomaa. Vyuo viagize kemikali kwa pamoja badala ya kila mwanafunzi kuhangaika peke yake. Na anayemaliza uzamifu apewe kazi ya utafiti yenye mshahara, si vipindi vya kufundisha vya kibarua vinavyolipwa kwa kuchelewa.

Nawe msomaji una sehemu yako. Ikiwa una keloidi au kuna mtu wa ukoo wako aliye nayo, mwambie daktari kabla ya upasuaji wowote, na usitoboe masikio kwa ajili ya urembo. Usimruhusu mtu alikate kovu hilo kiholela. Na siku ambayo mtafiti kijana atakujia akiomba kipande kidogo cha kovu linalokatwa, muulize anataka kukifanyia nini, nani atakihifadhi, na utapata wapi matokeo. Akikujibu vizuri, mfikirie.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Vijana wetu wako tayari kucheza kwao. Yule mama mwenye leso anangoja jibu.